Kamati ya Ulimi Safi

Aliyetaka kujua Mama Mkasi ana nguvu kiasi gani, angekwenda tu kusimama mbele ya duka la vitabu la pale kwenye kona. Zamani dirisha la duka lile lilijaa majalada ya rangi: wanawake wenye mabega wazi, wanaume wenye bastola, mapenzi yanayochuruzika damu. Kamati ya Ulimi Safi ilipopita hapo, Mama Mkasi, mwenyekiti wake, akiwa mbele na mtandio umefungwa kisawasawa, mwenye duka alivifunika vitabu vyote kwa karatasi ya kaki. Alifunika kwa hofu, na mwenye hofu hachagui, kwa hiyo alifunika mpaka vitabu vya hesabu na vya ufugaji wa kuku. Vile vya kuku viliisha kabla ya vingine vyote. Watu walinunua huku wakitazama nyuma, wakavitia kwapani, wakaenda kujifungia navyo chumbani. Yaliyowakuta huko wanayajua wenyewe.

Mama Mkasi alipoletewa habari hiyo hakutikisika hata kidogo.

"Sasa si wamejifunza kufuga? Ubaya uko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na nusu ya sare za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Aliamini mambo mawili bila kupepesa: kwamba Mungu yupo, na kwamba hakuna kitu duniani kisichokaa vizuri ukikikata mahali panapotakiwa. Suruali, mtoto, ndoa, mchezo wa redio, vyote kwake vilikuwa kitambaa.

Mchezo wenyewe uliitwa Ukuta Mmoja. Kila Alhamisi alasiri mji ulisimama kuusikiliza. Kinyozi alimwacha mteja na nywele upande mmoja, na wauguzi waliwaambia wagonjwa wavumilie kidogo. Ulikuwa unahusu dereva wa lori na mkewe, na majirani wao wanaosikia kila kitu kupitia ukuta. Kamati iliona wanasikia mengi mno. Iliwaomba waumini wazime redio siku nzima, na waumini walizima kweli. Mwenye kiwanda cha sabuni, ambaye matangazo yake ndiyo yaliyoulisha mchezo, alimpigia simu meneja wa kituo kwa sauti ya mtu aliyekutana na mzimu. Meneja, mtu wa kutoka jasho hata mbele ya feni, akanyoosha mikono. Walikubaliana kwamba mwenyekiti wa Kamati ataketi studio, atasikia kila sehemu kabla haijarekodiwa, na akisema kata, inakatwa.

Mwandishi wa mchezo alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Mama Mkasi. Mama Mkasi ndiye aliyemlea tangu anatambaa, akamsomesha mpaka chuo kikuu, na kijana akatoka chuoni kabla chuo hakijammaliza.

"Mama Mkubwa, karibu kwenye kiti chako," alimwambia siku ya kwanza, akimvutia kiti chenye mto.

"Kiti changu kiko nyumbani. Hiki ni cha kazi. Chuo ulikiacha wapi?"

"Kipo palepale nilipokiacha. Hakijahama."

"Basi na mimi leo sihami. Soma."

Nyuma ya kioo fundi mitambo alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Mwandishi alikuwa mjanja, lakini alisahau ujanja wake aliujifunzia nyumba ya nani. Kila sehemu aliweka tusi moja nono, la kunuka kabisa, ili Mama Mkubwa apate cha kukata na asitazame mengine. Mama Mkasi alilisikia tusi la kwanza, akatabasamu.

"Hilo umeliweka nilikate."

"Lipi, Mama Mkubwa?"

"Hilo linalonuka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unavunja kikombe cha bei rahisi ili nisiulize nani kala sukari. Tusi liache, watu wanatukana. Kata pale jirani anapochungulia dirishani."

Na pale ndipo penyewe. Mwandishi alikata huku ameuma mdomo.

Safari nyingine Mama Mkasi aliamuru mume na mke wasisikike chumbani. Mwandishi akatii, tena kwa ukamilifu wa kutia shaka: akawatoa nje kabisa, mume karibu na lori, mke ng'ambo ya uwanja, wanaitana kama watu waliotenganishwa na mto. Kesho yake simu hazikukatika. Kwa nini yule mwanaume analala nje? Amefukuzwa? Yuko na nani humo kwenye lori? Mzee mmoja alipiga kusema kwamba anamjua huyo mwanamke wa kwenye lori.

Mwingine angekasirika. Mama Mkasi aliinamisha kichwa kama anayetazama pindo lililopotoka.

"Warudishe ndani. Waweke sebuleni. Mke apige pasi, mume ale. Mtu anayepiga pasi husema kweli, kwa sababu macho yake yako kwenye nguo, hayamtazami mtu."

Sehemu ile ilitoka vizuri kuliko zote zilizotangulia. Mwandishi hakusema. Fundi mitambo ndiye aliyesema, na akakanyagwa mguu.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka dereva akarudi safari amelewa.

Mwandishi aliandika ampige mkewe. Mama Mkasi alikata kofi lisisikike, maana hakutaka kofi liingie kwenye masikio ya watoto. Kwa hiyo hewani ilisikika bilauri ikianguka, halafu kimya, halafu muziki wa kumalizia. Ule ukimya uliwatisha watu kuliko kofi lolote. Sehemu iliyofuata mke alikuwa na mkono uliovunjika na begi begani, na mlango ulisikika ukifungwa taratibu, bila hasira, kama wa mtu anayetoka kununua chumvi.

Mji ulipasuka katikati. Shemeji hawakusalimiana. Kwa kinyozi waligombana mpaka mashine ikazimwa. Kwa Mama Mkasi mwenyewe, wanawake wawili waliokuja kupimwa magauni waliondoka na vipimo vya kubuni, maana hakuna aliyekubali kusimama kimya apimwe.

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa nyuma ya nyumba ya ibada, kwenye viti vya plastiki vinavyolia ukijigeuza. Katibu ndiye aliyeanza. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, na bado alitazama watu kama anatafuta chaki iliyoibwa.

"Mchezo huu," alisema, "unawafundisha wake zetu kufunga begi. Leo mke wa dereva. Kesho wako, keshokutwa wangu."

"Wako alishaondoka kwenda kwa dada yake," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma.

"Amekwenda kusalimia!"

"Tangu masika?"

Watu walicheka. Mama Mkasi hakucheka, kwa kuwa katika hili alikuwa upande wa Katibu, na alikuwa upande huo kwa moyo wote. Yeye aliishi na mume wake mpaka akamzika. Alishaona nyumba zinavyobomoka kwa neno la hasira la siku moja, halafu watoto wakagawiwa kwa ndugu kama paka. Mmoja wao, huyo Mwandishi, alimlea mwenyewe. Hakuwa mtu wa kupiga makofi kwa begi.

Alisimama. Viti vikanyamaza.

"Alhamisi mke wa dereva atakuwa amerudi jikoni kwake. Mimi nasema. Asiporudi, nivueni uenyekiti, na sitauliza kwa nini."

Walimpigia makofi. Katibu alipiga ya kwake polepole. Kiti kile alikuwa anakitamani tangu Kamati izaliwe.

Kesho yake Mama Mkasi aliingia studio akiwa hajavua hata viatu vya njiani.

"Mrudishe."

Mwandishi aliweka kalamu chini. "Nimejaribu."

"Usinidanganye."

"Safari hii sikudanganyi. Kaa, Mama Mkubwa. Sikiliza. Nimeandika mume anakuja kumbembeleza, nikasoma kwa sauti, hata mimi sikumwamini. Nimewaza mama mzazi wa mke, lakini wewe ndiye uliyeniambia nimuue mwaka jana ili mke apate huzuni ya heshima. Nimeandika jirani. Jirani akifungua mdomo kusema rudi, anasikika kama tangazo la sabuni. Hakuna mtu humu ndani wa kumrudisha. Sina mdomo wa kuyasema hayo maneno."

"Hayo maneno ni mepesi."

"Kwako."

"Kwa mtu yeyote mwenye akili. Unamkalisha, unamwambia mwanangu, ndoa haina barabara iliyonyooka, unamshika mkono, anaelewa, anarudi. Nimesema hayo mara ngapi mimi?"

Mwandishi alimtazama. Kuna namna alivyokuwa anatazama tangu utoto, jicho moja limefumba kidogo, kila alipoona mlango wa kabati haukufungwa.

"Basi yaseme wewe," alisema.

"Wapi?"

"Humu. Nitaandika kwamba mke ameenda kugonga kwa mama mmoja mtu mzima, mcha Mungu, anayeheshimika mtaani. Mama huyo ni wewe. Mrudishe kwa mdomo wako."

Fundi mitambo alisimamisha kijiko kwenye kikombe.

"Unafikiri naogopa?" Mama Mkasi aliuliza.

"Sijawahi kufikiri hivyo maishani mwangu. Ila sehemu kama hizi hatuandiki majibu. Tunaandika mnapoanzia na mnapotakiwa kufika. Hapo katikati mnajaza wenyewe, ndiyo maana zinatoka kama watu. Unaanza anapobisha hodi, unafika anaporudi kwake. Sawa?"

"Maisha yangu yote nimejaza bila kuandikiwa. Lete huyo mke."

Aliyeigiza mke wa dereva alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alifika baada ya masomo, ana rangi ya maji kwenye kucha na mafua kidogo, akamwamkia Mama Mkasi kwa heshima zote. Halafu akatoa kitambaa kwenye mkoba, akafunga mkono wake wa kushoto begani.

"Hii ni redio, mwanangu. Nani anakuona?" Mama Mkasi alimuuliza.

"Hakuna, mama. Lakini nisipoufunga, nausahau. Nikiusahau, sauti inapona."

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani na blanketi zito dirishani. Kwenye kona palikuwa na sinia la kokoto kwa ajili ya nyayo. Katikati ulisimama mlango, mlango wa mbao wa kweli kabisa, wenye komeo na kitasa, umeshikiliwa na fremu isiyogusa ukuta wowote. Ulikuwa hapo kwa ajili ya kugongwa na kufunguliwa tu. Mama Mkasi aliwekwa upande mmoja na kipaza sauti chake, mwalimu upande wa pili na cha kwake. Kupitia kioo, Mwandishi aliinua kidole, akakishusha.

Nyayo kwenye kokoto. Hodi tatu, za mkono mmoja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, karibu mwanangu." Mama Mkasi alifungua. Alishangaa jinsi kitasa kilivyokuwa baridi. "Pita ndani. Habari za kwako?"

"Nzuri, mama. Si nzuri."

"Nimesikia. Kaa."

Akaanza. Na alianza vizuri, tusimpunje. Alisema ndoa haina barabara iliyonyooka. Alisema Mungu hakuweka watu wawili chini ya paa moja ili paa liwe rahisi kujengwa. Alisema hasira ya mwanaume ni moshi, na moshi hautoki mlangoni kwa mtu kukimbia, unatoka kwa kufungua dirisha. Hilo la moshi lilimjia palepale, akaliona zuri, akaliongezea urefu. Alisema kuhusu watoto. Alisema kuhusu subira. Nyuma ya kioo meneja, aliyekuwa amekuja kushuhudia, alitikisa kichwa kwa faraja na kujifuta shingo.

Mama Mkasi alisubiri mwalimu abishe. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na majibu mfukoni kama mtu aliyekwenda sokoni na vikapu vya akiba.

"Sawa, mama," mwalimu alisema. "Narudi."

"Eh?"

"Narudi sasa hivi. Nimeelewa. Nilikuwa nahitaji tu mtu mzima aniambie." Akavuta pumzi ya mafua. "Naomba unisaidie kitu kimoja. Nifungie hiki kitambaa vizuri kabla sijaondoka. Kimelegea, na mkono huu hauwezi kumfungia mwenzake."

Mikono ya Mama Mkasi ilienda yenyewe. Fundi akiona fundo baya hawezi kulipita. Alilifungua, akalipitisha nyuma ya shingo, akainua mkono wa mwalimu taratibu kama mkono wa kweli uliovunjika, na mwalimu akatoa sauti ndogo, ya pumzi tu, ambayo haikuwa imepangwa popote.

"Unauma?"

"Kidogo. Usijali, mama. Njia si ndefu."

"Yuko nyumbani saa hizi?"

"Yupo."

"Amelala?"

"Saa hizi ndiyo anaanza kunywa."

Mama Mkasi alibaki ameshika ncha mbili za kitambaa.

"Akikuona atasema nini?"

"Mwanzoni hasemi kitu." Mwalimu aliokota begi lake sakafuni, begi la kweli lenye madaftari ya watoto. "Basi, asante mama. Nikuombe radhi kwa usumbufu. Nitamwambia wewe ndiye uliyenirudisha, labda atakuheshimu." Akashika kitasa.

"Kaa," Mama Mkasi alisema.

"Lakini mama, umesema..."

"Najua nilichosema. Nilisema urudi. Nilikwambia urudi leo?"

Mlango haukufunguka. Mama Mkasi alikuwa ameegemeza kiganja juu ya mbao, na mwili wake wote ulikuwa nyuma ya kiganja hicho.

"Weka begi chini. Utalala hapa. Mtu hatumwi kwenye moshi kwenda kufungua dirisha akiwa na mkono mmoja. Yeye ndiye aje. Aje mchana, hajanywa, aje na wazee wake, akae pale nitakapomwonyesha, aseme kwa mdomo wake alichofanya. Sitaki kusikia 'yaliyotokea'. Nataka alichofanya. Tukishamsikia, ndipo tutajua kama una nyumba ya kurudi au ulikuwa na paa tu. Umekula?"

"Hapana, mama."

"Ndiyo maana unakubali kila kitu. Njoo jikoni."

Hakuna aliyesema kata. Fundi mitambo alisahau mkono wake juu ya mashine, na mashine ikaendelea kurekodi ukimya na mafua ya mwalimu. Mama Mkasi alitazama mlango usio na ukuta, akautambua uso wake mwenyewe kwenye kioo cha mbele, na akajua amesema nini. Hakuwa ameyabuni. Maneno yale, karibu yaleyale, alikuwa ameyasema kwenye mlango wake halisi kwa wanawake wa kweli, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akiwalaza kwenye chumba cha cherehani na kuwaambia majirani kwamba wamekuja kujifunza kushona. Baadhi walirudi kwao. Baadhi ni mafundi wazuri mpaka leo. Hakuwahi kuliita jambo hilo msimamo. Aliliita wageni.

Mwandishi aliingia. Alikuwa ameshinda, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua aweke wapi ushindi.

"Turudie, Mama Mkubwa," alisema kwa upole. "Ulitakiwa ufike anaporudi. Nafuta sasa hivi, hakuna atakayejua. Najua uliwaahidi nini kule ukumbini."

"Nani kakwambia?"

"Katibu. Alipiga simu kuuliza kama kiti kile kina mto."

Meneja aliunga mkono kupitia spika, haraka haraka: ndiyo, turudie, muda upo.

"Nisikilizishe kwanza," Mama Mkasi alisema.

Walimsikilizisha. Alikaa kwenye kiti cha kazi, macho kwenye magoti, akiisikia sauti yake ikitoka mahali ambapo hakuwepo. Mwalimu alisimama karibu naye, kitambaa bado shingoni. Sehemu ilipofika mwisho, Mama Mkasi alijikohoza.

"Kuna mahali panalegea."

"Wapi?"

"Mwanzoni. Huyo mama anaongea sana. Moshi, dirisha, paa, nini. Mtu amesimama na mkono umevunjika, yeye anamhutubia. Bakizeni lile la barabara iliyonyooka, maana ni kweli. Mengine kata."

"Na mwisho?" Mwandishi aliuliza.

"Mwisho uko sawa. Usiguse."

"Mama Mkubwa, watakuvua."

"Nilisema wanivue. Nilisema mimi, kwa ulimi huu huu. Wewe ulidhani ulimi safi ni ule wa kutotukana tu?"

Ilirushwa Alhamisi. Mji ulinyamaza mpaka muziki wa mwisho, na baada ya muziki kwa kinyozi hakuna aliyejua agombane na nani. Wale wa begi walisema wameshinda. Wale wa jikoni walisema amepelekwa jikoni, si mnasikia?

Ukumbini, viti vya plastiki vilikuwa vimejaa kabla ya wakati. Katibu alisimama amenyooka kama rula.

"Mwenyekiti ulituahidi mke atarudi."

"Atarudi."

"Lini?"

"Mume akija kama nilivyosema."

"Kamati iliamua arudi Alhamisi!"

"Kamati haina mlango, Katibu. Haijawahi kugongwa. Mimi ndiye niliyegongwa."

"Ule ulikuwa mlango wa maigizo!"

"Basi kwa nini umekasirika kweli?"

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja aliuliza kama mume atakuja na wazee wa kuumeni au wa kukeni. Mzee mmoja alisema kwa jinsi anavyomfahamu dereva, hatakuja. Mwenzake akamuuliza anamfahamu wapi. Ilichukua muda kuwatuliza, na Mama Mkasi mwenyewe ndiye aliyewatuliza, akisimama na kuinua mkono kama siku zote.

"Msimamo wangu sijaubadili," alisema. "Ndoa ni ya kulindwa. Nimemlinda yule aliyegonga. Lakini niliwapa ahadi, na Alhamisi hakuwa jikoni kwake, alikuwa jikoni kwangu. Kwa hiyo nivueni. Hesabuni mikono, tumalize, nina sare za watu."

Mikono ilihesabiwa. Katibu akapata kiti, kwa mikono michache iliyoinuliwa bila kunyooka vizuri. Mama Mkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpongeza. Alimpongeza kwa sauti kubwa, na Katibu akashukuru akiwa na wasiwasi asioujua unatoka wapi.

Wiki iliyofuata Mwenyekiti mpya aliingia studio, akakaa kwenye mto, akavaa miwani. Mama Mkasi alimkuta hapo. Alikuwa amekuja kwa miguu yake, akiwa na tepu ya kupimia bado shingoni.

"Wewe huna kazi tena humu," Mwenyekiti alimwambia.

"Ya kukata sina. Nina ya kuongea. Mimi ndiye mama mwenye nyumba, umesahau? Dereva anakuja leo."

Dereva wa mchezo, kijana mnene mpole ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa kuuza miwani, alimwamkia kutoka mbali. Mkewe wa redioni alikuwa ameshafunga mkono.

"Tuna tatizo," Mwandishi alisema, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kidogo. "Dereva anatakiwa aje na mzee wa kumsemea. Nimejaribu kuandika, sipati mdomo. Anasikika kama tangazo."

Mama Mkasi aligeuka taratibu kumtazama Mwenyekiti.

"Sauti unayo," alimwambia. "Umri unao. Na unaamini mke arudi. Hakuna aliyekuzuia. Nenda na huyu kijana upande ule, ugonge, useme kwa nini nimkabidhi."

"Mimi ni mwenyekiti, sio mwigizaji."

"Hata mimi nilikuwa mwenyekiti."

Fundi mitambo alikuwa ameshaanza kurekebisha kipaza sauti cha tatu, bila kuambiwa, kwa urefu wa mtu wa ukaguzi. Mwenyekiti alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu ndoa, na kwa haki yake, aliyaamini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Niseme lolote?"

"Lolote, mzee," Mwandishi alisema. "Majibu hatuandiki."

Nyayo kwenye kokoto, za watu wawili, mmoja akisitasita. Mama Mkasi alisimama upande wake, mwalimu nyuma ya bega lake. Hodi ikapigwa.

"Nani?"

"Sisi," ilisema sauti ya Mwenyekiti, nyembamba kuliko alivyoizoea. "Tumekuja... tumekuja kuhusu yaliyotokea."

Mama Mkasi alishika kitasa, na hakuwa na haraka.

"Yaliyofanya nini?" aliuliza.